Maswali ya Wasomaji: Asilimia Mbili Yangu Inanunua Nini?

Katika toleo lililopita safu hii iligusia kwa mistari michache namna mishahara ya watumishi wa shule za serikali inavyopangwa, na barua zilizofuata zimezidi nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano, nimezifupisha bila kugusa hoja zake, na sikutaja majina kwa sababu waandishi wote bado wako kazini. Mimi mwenyewe nilifundisha shule za msingi kwa miaka ishirini na ushei, saba kati ya hiyo nikiwa mwakilishi wa chama mahali pa kazi, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba siandiki nikiwa nje ya uzio.

Swali: *Shikamoo mwalimu. Ninafundisha shule ya msingi wilayani Mbarali. Mei Mosi ya mwaka 2025 tulisikia asilimia 35.1, tukashangilia. Mwezi wa saba ulipofika, nyongeza niliyoikuta kwenye hati ya mshahara haikukaribia hata nusu ya hiyo. Wakati huohuo chama kinakata asilimia mbili yake kila mwezi bila kukosa. Nani alikaa mezani kwa niaba yangu, na alizungumza nini?*

Jibu: Marahaba, mwalimu. Tuanze na ile asilimia, maana ndiyo iliyowachanganya wengi. Tangazo lililotolewa Singida lilihusu kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma, ambacho kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Hiyo ni nyongeza ya 130,000, na ukiigawa kwa 370,000 unapata kama asilimia 35.1. Ngazi zilizo juu ya hapo zilipanda pia, lakini kwa asilimia ndogo zaidi, kadiri bajeti ilivyoruhusu. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 vilevile: baada ya Rais kuwaambia wafanyakazi pale Dodoma kwamba "lile jambo letu lipo", tangazo lililofuata katikati ya Mei lilitaja asilimia 23.3, na hiyo nayo ilikuwa ya kima cha chini. Mwalimu mwenye stashahada na miaka kumi kazini hayuko kwenye kima cha chini, kwa hiyo asilimia iliyopigiwa makofi uwanjani haikuwa yake tangu mwanzo.

Sasa, nani alikaa mezani? Kwa utumishi wa umma meza hiyo imewekwa na Sheria ya Majadiliano ya Pamoja katika Utumishi wa Umma, Na. 19 ya mwaka 2003, inayounda mabaraza ya pamoja ambamo wawakilishi wa Serikali kama mwajiri na wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi hukutana. Upande wa walimu, kwa miaka mingi anayeketi ni Chama cha Walimu Tanzania, kilichosajiliwa mwaka 1993, na kwa masuala yanayowahusu watumishi wote hupaza sauti kupitia shirikisho la vyama, TUCTA. Upande wa pili yupo mwajiri mwenye vichwa vingi. Halmashauri ndiyo inayokuajiri na kukupangia kituo, TAMISEMI inaisimamia halmashauri, Tume ya Utumishi wa Walimu inashughulikia madaraja na nidhamu, Utumishi inatoa waraka wa mishahara, na Hazina inashika fedha. Ukimkuta mmoja atakuelekeza kwa mwingine, na mara nyingi hatakuwa anasema uongo.

Hapa ndipo penye tofauti na mwenzako wa kiwandani. Chama cha wafanyakazi kikijadiliana na kampuni, mwisho wake huwa ni mkataba wa hali bora, wenye sahihi za pande mbili, wenye muda wake, na unaoweza kupelekwa mahakamani ukivunjwa. Kwako wewe majadiliano huishia kwenye mapendekezo, mapendekezo huingia kwenye bajeti, na kinachotoka ni waraka wa upande mmoja. Chama kimesikilizwa au hakikusikilizwa, hutaona sahihi yake popote. Kwa hiyo mazungumzo yenye uzito hufanyika miezi mingi kabla ya Bunge la bajeti, kwenye vikao visivyo na kamera, na Mei Mosi ni siku ya kutangaziwa kilichokwisha kuamuliwa. Wenyeji wa nyanda zetu za juu kusini wanaijua siku hiyo kwa karibu: sherehe za kitaifa zilifanyika Iringa mwaka 2018 na Mbeya mwaka 2019. Nilikuwapo kwenye uwanja wa Sokoine, Mbeya, asubuhi ile, nimevaa fulana ya chama juu ya sweta kwa sababu ya baridi, mabango yakiuliza habari ya nyongeza, na tuliondoka uwanjani bila nyongeza ya jumla kama walivyoondoka wenzetu wa Iringa mwaka mmoja kabla.

Tuishike sasa hati ya mshahara yenyewe. Chukua mfano wa mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 900,000 anayeongezewa 60,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 3,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 1,800. Chama asilimia 2, yaani 1,200. Kodi ya mapato hukokotolewa baada ya kutoa mchango wa pensheni, na kwa kuwa kipande hicho cha mshahara kinaangukia kwenye kundi la asilimia 25, kinaondoka 14,250. Kama mwalimu huyo alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, asilimia 15 nyingine, yaani 9,000. Jumla ya makato ni 29,250, na kinachobaki mkononi ni 30,750. Nyongeza ya elfu sitini imekatika katikati kabla haijafika sokoni Mwanjelwa. Nimeona walimu wakigombana na mwakilishi wa chama kwa ajili ya ile 1,200, huku 14,250 ikipita kimya, na nisingependa kukitetea chama kwa hilo, ila mtu anayetaka kujua fedha yake ilikokwenda asome mistari yote.

Lawama yangu kwa chama ni nyingine. Mshahara wa mwalimu hupandishwa kwa njia tatu: waraka wa jumla, nyongeza ya mwaka ndani ya ngazi, na kupanda daraja. Ya kwanza ndiyo yenye kelele. Lakini ya pili ilisimama kwa miaka kadhaa hadi iliporudishwa kwa tangazo la Mei Mosi ya mwaka 2023 pale Morogoro, na ya tatu ilisimamishwa mwaka 2016 kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti, ikarejea kwa mafungu. Mwalimu aliyekosa daraja moja kwa miaka mitano amepoteza fedha ambazo waraka mmoja wa jumla hauwezi kuzirudisha, na amepoteza pia kwenye pensheni, kwa sababu pensheni huhesabiwa kutokana na mshahara wa mwishoni. Chama kilipaswa kulishika jambo hili mapema na kwa sauti kubwa zaidi kuliko asilimia za kima cha chini, ambazo kwa walimu walio wengi ni habari za jirani.

Swali: *Mdogo wangu anafundisha hisabati kwenye shule ya umma huko Marekani. Alinitumia jedwali la mishahara ya wilaya yao: kila mwaka wa kazi na kila shahada ina kiasi chake, na liko ndani ya mkataba ambao chama chao kiliusaini. Kwa nini sisi wa Tukuyu hatuna kitu kama hicho? Na je, kweli mkataba huo huwaongezea mshahara?*

Jibu: Jedwali alilokutumia mdogo wako lina umri mkubwa kuliko mkataba wake. Wilaya za shule za Denver na Des Moines zililianza mwaka 1921, wakati walimu wa huko hawakuwa na haki ya kujadiliana, ili kuondoa mtindo wa kumlipa mwalimu wa msingi chini ya yule wa sekondari na mwanamke chini ya mwanamume. Majadiliano yalikuja baadaye: jimbo la Wisconsin lilipitisha sheria ya kwanza ya majadiliano kwa watumishi wa umma mwaka 1959, na walimu wa jiji la New York wakachagua chama cha kuwawakilisha mwaka 1961. Chama kilipofika mezani kilikuta jedwali lipo, kikaanza kugombania tarakimu zilizomo.

Kwa hiyo jedwali na wewe unalo. Linaitwa TGTS, lina herufi za madaraja na namba za ngazi, na mwalimu wa Tukuyu na wa Kigoma wenye daraja moja wanalipwa sawa. Kinachotutofautisha ni mahali pa kujadiliana. Marekani ina wilaya za shule kama elfu kumi na tatu, nyingi zikitoza kodi yake ya majengo na ardhi, na bodi ya wilaya ndiyo inayojadiliana. Bodi yenye fedha hulipa vizuri, iliyo maskini hulipa vibaya, na mwalimu anaweza kuvuka barabara akaongezewa mshahara. Hebu fikiria Rungwe yenye chai na ndizi ikijadiliana peke yake, na wilaya isiyo na zao la maana ikijadiliana peke yake, kisha wote watafute mwalimu wa fizikia. Hilo silitamani, na ninadhani ukilitafakari nawe hutalitamani.

Tena si majimbo yote yenye haki hiyo. North Carolina imepiga marufuku mikataba ya namna hiyo kwa watumishi wa umma tangu mwaka ule ule wa 1959. West Virginia haina sheria ya majadiliano, na mishahara ya walimu hupangwa na bunge la jimbo, jambo linalofanana na letu kuliko la New York. Mwaka 2018 walimu wa kaunti zake zote 55 walifunga shule kwa siku tisa za masomo hadi bunge likapitisha nyongeza ya asilimia 5. Huko Wisconsin kwenyewe, mwaka 2011, sheria inayojulikana kama Act 10 iliminya majadiliano hadi yakabaki kwenye mshahara wa msingi peke yake, tena usipande kuzidi mfumuko wa bei mpaka wapiga kura wakubali.

Kuhusu kama mkataba huongeza mshahara, wachumi wamebishana kwa miaka. Caroline Hoxby, katika utafiti wa mwaka 1996, aliona vyama vimepandisha mishahara na matumizi ya shule. Michael Lovenheim alipochunguza majimbo matatu ya kati kwa kumbukumbu za chaguzi za vyama, mwaka 2009, hakuona athari kwenye mshahara. Agustina Paglayan naye, mwaka 2019, alionyesha kwamba sheria zilizolazimisha majadiliano hazikukuza matumizi ya elimu kama ilivyodhaniwa, kwa sababu nyingi zilikuja zikiwa zimefungwa pamoja na adhabu kali dhidi ya migomo. Utafiti ulionivutia zaidi ni wa Barbara Biasi na Heather Sarsons kuhusu Wisconsin baada ya Act 10. Wilaya zilipopewa uhuru wa kupatana mshahara na mwalimu mmoja mmoja, walimu wanaume walianza kuwazidi wanawake wenye sifa zilezile. Jedwali linalolaumiwa kwamba halimtambui mwalimu hodari lilikuwa limemkinga mwalimu asiyejua kujinadi.

Kuna jambo la jirani pia. Kenya, Tume ya walimu husaini na vyama vyao mkataba wa miaka minne, na ule wa mwaka 2017 ulipandisha mishahara kwa mafungu. Mkataba uliofuata, wa mwaka 2021, ulisainiwa bila nyongeza ya fedha ndani yake. Sahihi walikuwa nayo. Ninalitaja hilo kwa wale wanaodhani kwamba karatasi yenye mihuri miwili ndiyo mwisho wa kazi, ingawa mimi mwenyewe ningechagua kuwa nayo kuliko kutokuwa nayo.

Swali: *Nimekataa uanachama lakini bado nakatwa. Hii ni halali? (Mwalimu, Iringa mjini.)*

Jibu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inakiruhusu chama chenye wanachama wengi kukubaliana na mwajiri kwamba asiye mwanachama alipe ada ya uwakala, isiyozidi ada ya mwanachama, kwa hoja kwamba matunda ya majadiliano anayala na yeye. Marekani Mahakama ya Juu iliifuta ada hiyo kwa watumishi wa umma mwaka 2018, katika shauri la Janus. Kwetu bado ipo. Ulichonacho ni haki ya kutolazimishwa kuwa mwanachama, na haki ya kujiunga na chama kingine cha walimu kilichosajiliwa, jambo ambalo baadhi ya walimu wamelifanya. Ukihamia huko, hakikisha fomu imefika kwa mwajiri na nakala yenye muhuri umebaki nayo, vinginevyo unaweza kujikuta unakatwa mara mbili.

Swali: *Mimi ni mpishi katika shule ya sekondari ya bweni wilayani Makete. Silipwi na Hazina, nalipwa na shule kutokana na michango ya wazazi. Tuko sita: wapishi wanne, mlinzi na mtunza bweni. Mwaka wa sita sasa hatuna karatasi ya ajira. Hayo majadiliano mnayoyasema yanatuhusu?*

Jibu: Dada, barua yako ndiyo iliyonikalia kooni, kwa sababu nimekula ugali wa wapishi wa namna yako kwa miaka na sikuwahi kuuliza wanalipwaje. Sheria Na. 6 ya mwaka 2004 haikuacha nje mtu wa aina yako, kwani walioachwa ni wanajeshi, polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwajiri wenu anatakiwa awape maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi, mahali, saa, mshahara na namna ya kulipwa. Likizo ya mwaka yenye malipo mnayo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Mlinzi anayekesha nje kwenye baridi ya Makete ya mwezi wa saba anastahili, kwa kila saa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, angalau asilimia 5 juu ya mshahara wake wa saa.

Kuhusu majadiliano: chama kikiwa na wanachama zaidi ya nusu katika kundi la wafanyakazi wa mahali pa kazi, kinaweza kumpa mwajiri taarifa ya kutaka kutambuliwa, na mwajiri anapaswa kukutana nacho ndani ya siku 30. Nyinyi mko sita, hivyo mkijiunga wanne hesabu imetimia. Wafanyakazi wasio walimu katika mamlaka za serikali za mitaa kwa kawaida hupokewa na chama chao, TALGWU, nacho kina ofisi mkoani. Anzeni huko kabla ya kwenda kwa mkuu wa shule, kwa kuwa mtu mmoja akiingia ofisini kudai karatasi huonekana mkorofi, lakini barua ya chama hujibiwa. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kumbukeni muda: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa malalamiko mengine. Nimeona watu wenye haki safi wakirudishwa mlangoni kwa sababu walisubiri kikao cha wazazi kiishe kwanza.

Swali: *Kwa nini walimu hawagomi siku hizi? Na mwalimu wa kawaida wa Mufindi, asiyeitwa kwenye vikao vya Dodoma, anaweza kufanya nini kuhusu mshahara wake?*

Jibu: La mgomo nitalijibu kwa ufupi. Julai 30, 2012 tuligoma, tukidai nyongeza ya asilimia 100, posho ya kufundisha ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaoishi mazingira magumu. Siku ya kwanza watoto walicheza mpira hadi saa sita wakachoka, wakarudi madarasani wenyewe wakakaa kimya, na ukimya ule ulinisumbua kuliko kelele. Agosti 2 Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ilitamka kwamba mgomo haukuwa halali, tukarudi. Masharti ya mgomo halali kwa mtumishi wa umma ni mazito, na tangu hapo chama hakijathubutu tena.

La pili lina nyama zaidi. Kabla fedha za madaraja hazijaombwa, halmashauri huandaa ikama, yaani idadi ya watumishi inaowahitaji, na bajeti ya mishahara, na ndani yake hutumika tange, yaani orodha ya watumishi kwa kufuata cheo na tarehe zao. Asiyeonekana vizuri kwenye tange haombewi fedha, na asiyeombewa hapandi, hata waraka uwe mzuri kiasi gani. Mwaka mmoja, katika halmashauri ambayo sitaitaja, nilikwenda kufuata nauli ya likizo nikapita kwenye ubao wa matangazo. Tange ilikuwa imebandikwa, karatasi kumi na mbili zilizopinda kwa unyevu, na jina langu lilikuwa karatasi ya nane. Tarehe yangu ya ajira ya kwanza ilikuwa imepigwa chapa ikiwa na mwaka 2008 badala ya 1998. Kosa la tarakimu tatu lilikuwa limeniweka nyuma ya walimu niliowapokea wakiwa wageni kazini. Karani alinisikiliza, akanitaka barua ya ajira, nami barua ilikuwa nyumbani kilomita sitini. Niliporudi nayo siku ya tatu orodha ilikuwa imekwisha kupelekwa, na daraja langu likasubiri mzunguko mwingine.

Katika halmashauri yako kuna Baraza la Wafanyakazi, na kwa utaratibu bajeti hupita hapo kabla ya kupelekwa mbele. Wajumbe wake ni watu unaowafahamu, pengine mmoja anafundisha shule ya pili kutoka kwako. Muulize kikao kitakuwa lini, na umuombe ataje mambo mawili: tange ibandikwe wiki kadhaa kabla ya kufungwa, na madai ya malimbikizo yaliyokwisha kuhakikiwa yasomwe kwa idadi na kiasi. Wewe mwenyewe ukienda kuitazama orodha, beba nakala ya barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na ya daraja la mwisho, zote tatu, siku hiyohiyo ya kwanza.